Usukani wa Juu Si Dawa ya Kila Mgongo: Kuelewa Vipimo vya Usukani wa Pikipiki

Mwendesha pikipiki akilalamika kwamba mgongo unamuuma, wenzake humjibu kwa mkato: weka usukani wa juu. Ushauri huo umezoeleka kiasi kwamba wengi hununua usukani kwanza, ndipo baadaye wanajiuliza ulikuja kutibu nini. Wapo wanaopata nafuu kweli. Wapo ambao maumivu yanahama tu, viganja vikipoa kiuno kinaanza. Na wapo wanaofika kwa fundi na usukani mpya unaong'aa, halafu wanaambiwa kebo ya klachi haifiki, paipu ya breki imevutika kupita kiasi, na swichi hazina pa kukaa.

Kimo ni kipimo kimoja tu kati ya vinne vinavyoamua mikono yako itakaa wapi, na mara nyingi si hicho kinacholeta maumivu. Ukivijua hivyo vinne, utajua pia kama unahitaji usukani mpya au unahitaji spana na nusu saa tu.

Tuanze na majina ya vitu. Usukani, wengine huuita stelingi, ni lile bomba la chuma au alumini unalolishika kwa mikono miwili. Katikati limekamatwa na vibano, na vibano vimefungwa juu ya bamba linaloshika shokapu za mbele. Mwishoni, kila upande, kuna kishikio cha raba. Kati ya kibano na kishikio ndipo vitu vinapobanana: mkono wa klachi, mkono wa breki na kikopo cha mafuta yake, swichi za taa na honi, vioo, na upande wa kulia eksileta. Baadhi ya pikipiki, hasa zile za mtindo wa mashindano, hazina bomba moja. Zina vipande viwili vifupi, kila kimoja kimekaba nguzo yake ya shokapu.

Mwili wako nao unaigusa pikipiki katika sehemu tatu: makalio kwenye siti, nyayo kwenye vikanyagio, viganja kwenye vishikio. Kiwanda kilipanga umbali kati ya sehemu hizo kwa kumfikiria mtu wa umbo la wastani. Mwenye mikono mifupi, mwenye kiwiliwili kirefu, mwenye mabega mapana, kila mmoja atakuta kuna mahali hapamkai sawa. Ukisogeza mojawapo ya sehemu hizo tatu, uzito wa mwili unagawanyika upya kwenye zile nyingine mbili. Kwa hiyo maumivu ya kiganja yanaweza kuwa yametoka kwenye siti, na maumivu ya kiuno yakawa yametoka kwenye usukani uliopandishwa mno.

Vipimo vinne

Upana hupimwa kutoka ncha moja hadi nyingine. Kimo hupimwa kutoka pale bomba linapokaa kwenye kibano hadi usawa wa vishikio. Mrudisho ni kiasi ambacho vishikio vinarudi nyuma kumfuata mwendeshaji, ukilinganisha na kibano. Cha nne ndicho kinachosahaulika na wengi: pembe ya ncha, yaani vishikio vimeelekea wapi. Vinaweza kunyooka pembeni kabisa, vinaweza kuelekea nyuma, na vinaweza kuinama kidogo upande wa nje.

Kwa nini pembe hiyo ina uzito? Jaribu hivi sasa hivi. Shika kalamu mbili, moja kila mkono, nyoosha mikono mbele yako huku viwiko vimekunjika kidogo, fumba macho, legeza mabega. Fumbua uangalie. Kalamu hazikukaa kwenye mstari mmoja ulionyooka. Ncha za nje, upande wa kidole kidogo, zimerudi nyuma kidogo na zimeshuka kidogo. Hivyo ndivyo mkono uliolegea unavyotaka kushika. Usukani ulionyooka kama fimbo unalazimisha kifundo cha mkono kipinde upande, na ukikipinda kwa saa mbili mfululizo kitakulipiza. Usukani uliorudi nyuma kupita kiasi unakipinda upande wa pili. Mtu anaweza kununua usukani mrefu wa kutosha kabisa, lakini pembe ya ncha ikawa si yake, na akarudi nyumbani na vifundo vinavyouma kuliko mwanzo.

Kuna mtego hapa. Bomba la usukani linaweza kuzungushwa ndani ya vibano vyake, na watu wengi hulizungusha kuelekea kwao ili vishikio visogee karibu. Vinasogea, ndiyo. Lakini vinashuka pia, na ncha zake zinainama kuelekea ardhini. Mzunguko mmoja umegusa kimo, mrudisho na pembe kwa wakati mmoja. Kwa digrii chache ni jambo zuri na ndilo la kwanza kujaribu. Ukizidisha, unaishia kushika usukani kama mtu anayesukuma toroli, viwiko vimebana mbavuni na vifundo vimekunjika.

Juu kuna nini?

Usukani ukiwa chini na mbele, kiwiliwili kinainama na sehemu ya uzito wake inaangukia viganjani, isipokuwa misuli ya tumbo na mgongo iubebe. Shingo nayo inalazimika kukunjika ili macho yaone barabara. Ukiupandisha usukani na kuurudisha nyuma, kiwiliwili kinasimama na viganja vinapumua. Hadi hapo washauri wa barabarani wako sahihi.

Wasichokisema ni kwamba ule uzito haukutoweka. Umehamia kwenye makalio na uti wa mgongo. Mtu aliyekaa wima kabisa anapokea kila shimo na kila tuta moja kwa moja kupitia pingili za mgongo, hasa akiwa na siti nyembamba na shokapu ngumu. Aliyeinama kidogo mbele anaweza kuupokea mshtuko kwa nyonga, kwa miguu na kwa mikono. Ndiyo maana mtu wa mwendo mfupi wa mjini husifu usukani wa juu, na mtu yule yule akisafiri siku nzima kwenye barabara mbovu anaanza kuutilia shaka.

Halafu kuna upepo. Nguvu ya upepo haiongezeki sambamba na mwendo: ukiongeza mwendo mara mbili, kutoka kilomita 60 kwa saa hadi 120, nguvu inayokusukuma kifuani inakuwa kama mara nne. Aliyeinama kidogo anaegemea upepo huo, nao unamsaidia kubeba kiwiliwili. Aliyekaa wima anageuka tanga. Anajishikilia kwa mikono ili asirudishwe nyuma, na ile mikono aliyotaka kuipumzisha inafanya kazi ya kuvuta badala ya kusukuma. Zaidi ya hapo, kila anapotikiswa na upepo anautikisa usukani bila kukusudia, na pikipiki inaanza kuyumba kwenye mwendo wa kasi. Vijana wa Uingereza wa miaka ya 1950 na 1960, wale waliokimbizana na pikipiki kutoka mkahawa mmoja hadi mwingine, walishusha usukani wao makusudi ili upepo usiwapate. Walikuwa na sababu nzuri, na pia walikuwa na migongo ya miaka ishirini.

Kwa hiyo swali si kama uende juu au chini. Swali ni wewe unaendesha kwa mwendo gani, kwa muda gani, na kwenye barabara ya namna gani. Kwa watu wengi wa mwendo wa kawaida, mahali pazuri ni mgongo ulioinama kidogo tu mbele, viwiko vimekunjika kiasi, mabega yameshuka. Mabega yakiwa yamepanda kuelekea masikioni, usukani ni wa juu mno kwako au uko mbali mno.

Na upana?

Usukani mpana ni mwepesi kugeuza, kwa sababu ile ile inayofanya spana ndefu ifungue nati iliyogoma wakati spana fupi inateleza. Usukani wa milimita 700 unaupa kila mkono wenzo wa milimita 350 kutoka katikati. Wa milimita 800 unaupa 400. Nguvu ile ile ya mkono sasa ina uwezo wa takriban asilimia 14 zaidi. Kwenye matope, mchanga na kona za mwendo mdogo faida yake inaonekana mara moja, ndiyo maana pikipiki za vumbi zina usukani mpana.

Gharama yake ni kwamba mikono inafunguka, kifua kinapokea upepo zaidi, na kupenya kati ya magari kunahitaji ujasiri ambao sikushauri uwe nao. Pia upana una uhusiano na mabega: mtu mwembamba kwenye usukani mpana mno huvutwa mbele anapokata kona, kwa kuwa mkono wa nje lazima uufuate usukani unakokwenda. Habari njema ni kwamba bomba pana linaweza kukatwa, sentimita moja kila upande, mpaka likufae. Kata kidogo kidogo, kwa sababu likishakatwa halirudi.

Kwanza tafuta maumivu yanatoka wapi

Kabla ya kununua chochote, sikiliza ni wapi panapouma. Ganzi ya kidole kidogo na cha pete mara nyingi inatokana na mshipa wa fahamu unaopita upande huo wa kiganja kubanwa na kishikio, au na kiwiko kukaa kimekunjwa sana kwa muda mrefu. Ganzi ya kidole gumba, cha shahada na cha kati inahusu mshipa mwingine, unaopita katikati ya kifundo cha mkono. Huo haupendi kifundo kilichokunjwa kwenda juu wala chini. Mtetemo wa injini unaongeza matatizo yote mawili. Ganzi isiyoisha hata ukiwa hujaendesha siku kadhaa si suala la fundi tena, mwone daktari.

Chunguza siti. Ikiwa imeteremka kuelekea tangi, kila unapofunga breki unateleza mbele, na unajizuia kwa viganja. Dalili yake ni kujikuta unajisukuma nyuma kila baada ya kitambo. Hakuna usukani duniani utakaoponya hilo. Rekebisha siti, au angalia kama sehemu ya nyuma ya pikipiki haikuinuliwa mno kwa kukaza springi za shokapu.

Angalia mikono ya klachi na breki. Hapa ndipo ninapoona maumivu mengi ya bure. Kaa mkao wako wa kawaida, weka viganja kwenye vishikio, kisha nyoosha vidole bila kukunja kifundo. Vidole vinatakiwa vitue juu ya mikono hiyo moja kwa moja. Ikiwa unalazimika kuinua vidole ili uifikie, kifundo kinakunjika kila unaposhika klachi, na kwenye foleni unashika klachi mara zisizohesabika. Legeza bolti ya kibano chake, izungushe ishuke kidogo, kaza. Ni dakika tano. Anayeendesha akiwa amesimama kwenye vikanyagio, kama kwenye njia mbovu, ataihitaji ishuke zaidi ya hapo.

Kisha jichunguze wewe mwenyewe. Watu wengi hushika usukani kana kwamba utaibwa. Kwenye barabara iliyonyooka na mwendo wa utulivu, jaribu kupigapiga viwiko juu na chini bila kuachia. Visipochezeka, basi umejikaza, na mikono itachoka kwenye usukani wowote. Mwili unabebwa na mapaja yanayoshika tangi na misuli ya tumbo. Mikono kazi yake ni kuongoza.

Unene wa kishikio nao usiupuuze. Mwenye kiganja kidogo akishika kitu kinene anakamua kwa nguvu bila kujua, na mwenye kiganja kikubwa akishika kitu chembamba vidole vinajikunja mpaka vinagusana.

Kupima

Ukishamaliza hayo yote na bado panauma, sasa usukani unaingia kwenye mazungumzo. Wengi huuchagua kwa macho. Mimi naona ni afadhali kuuchagua kwa utepe wa kupimia.

Simamisha pikipiki wima, mtu akuishikilie. Panda, weka miguu kwenye vikanyagio, fumba macho, kaa namna ambayo mwili ungependa kukaa kama usukani haungekuwepo, kisha inua mikono mbele ulegeze. Mwenzako apime kiganja chako kiko juu ya kishikio cha sasa kwa kiasi gani, na nyuma yake kwa kiasi gani. Rudia mara kadhaa, maana mara ya kwanza mtu hukaa kama anapigwa picha. Tofauti mbili hizo, kwenda juu na kurudi nyuma, ndizo unazotafuta. Unachukua kimo na mrudisho wa usukani wako wa sasa, unaongeza tofauti zako, na unatafuta usukani wenye namba hizo. Watengenezaji wengi wazuri huchapisha vipimo hivi.

Mara nyingi watu hushangaa jinsi tofauti ilivyo ndogo. Sentimita mbili au tatu hubadilisha mkao mzima. Ikiwa tofauti yako ni ndogo hivyo na pembe ya ncha inakufaa, huenda huhitaji usukani bali vipandisho, ambavyo mafundi wengi huviita raiza: vipande vya chuma vinavyokaa chini ya vibano na kuuinua usukani ulio nao.

Vipandisho vina siri yake ya kijiometri. Nguzo ya usukani haikusimama wima. Imelala kuelekea nyuma, kwa pikipiki nyingi za barabarani kwa digrii 25 hivi. Kipandisho cha kawaida kinaufuata mlalo huo. Ukiweka cha milimita 30, vishikio vitapanda kama milimita 27 na kurudi nyuma kama 13. Unapata vyote viwili kwa bei ya kimoja, lakini kama ulitaka kupanda bila kurudi, kumbuka hilo kabla ya kulipa.

Na wanaoogopa kwamba usukani mpya utaharibu jiometri ya pikipiki? Mlalo wa nguzo na mahali gurudumu linapogusa barabara havibadiliki kwa kubadilisha usukani. Kinachobadilika ni wenzo wa mikono yako na mahali uzito wako ulipo. Gurudumu la mbele linaweza kuhisi wepesi kidogo ukikaa wima zaidi, na hilo utalizoea.

Je, utaingia?

Hapa ndipo fedha za watu wengi hupotelea. Bomba la usukani lina kipenyo, na kipenyo cha pale kwenye kibano lazima kilingane na kibano chenyewe. Kuna milimita 22, ambacho ndicho cha pikipiki nyingi ndogo na za kati. Kuna 25.4, kinachopatikana zaidi kwenye pikipiki kubwa za kutembelea. Na kuna 28.6, bomba nene katikati linalopungua hadi 22 kwenye vishikio. Bomba la 28.6 halikai kwenye kibano cha 22. Unahitaji vibano vyake. Na bomba la 22 kwenye kibano cha 25.4 halishikiki, hata likizungushiwa kipande cha bati. Nimeona kazi ya bati. Bomba lilikuwa limejizungusha lenyewe kwenye breki kali, na mikwaruzo ilionyesha lilifanya hivyo zaidi ya mara moja.

Angalia pia urefu wa sehemu iliyonyooka kila upande. Usukani unaopinda karibu mno na ncha hauachi nafasi ya kishikio, swichi, mkono wa breki na kioo kwa pamoja. Na swichi nyingi zina kipini kidogo kwa ndani kinachoingia kwenye tundu la bomba ili zisizunguke. Usukani mpya unaweza kuja bila tundu hilo. Fundi makini atapima na kutoboa tundu dogo mahali pake. Asiye makini atakata kipini, na siku moja utavuta eksileta swichi nzima izunguke nayo.

Kisha kebo, nyaya na paipu. Usukani ukipanda au kurudi nyuma, vyote vinavyotoka kwake vinavutwa. Nyongeza ya sentimita mbili hivi mara nyingi inastahimilika kwa kupitisha kebo njia fupi zaidi. Zaidi ya hapo, jiandae kununua kebo ndefu na paipu ndefu ya breki, na kubadilisha paipu kunamaanisha washa mpya za kuzibia, mafuta mapya ya breki na kazi ya kutoa hewa. Pikipiki yenye mfumo wa kuzuia magurudumu kujifunga inaweza kuhitaji kifaa cha fundi ili hewa itoke yote. Ongeza haya kwenye hesabu tangu mwanzo, kwa sababu ndiyo yanayofanya usukani wa bei nafuu uwe ghali.

Siku ya kufunga

Kabla ya kugusa bolti, piga picha za kila upande, hasa njia ambazo kebo zinapita. Funika tangi kwa kitambaa kizito. Mafuta ya kawaida ya breki hula rangi, na spana ikidondoka haichagui pa kuangukia. Kikopo cha mafuta ya breki kisining'inie kichwa chini. Vishikio vya zamani vya raba hutoka ukipenyeza hewa au maji ya sabuni chini yake.

Weka bomba jipya katikati, funga vibano kwa mkono kwanza, kaa juu ya pikipiki, tafuta pembe yako, kisha kaza. Vibano vingi vina alama ndogo inayoelekea mbele. Katika pikipiki nyingi bolti za mbele hukazwa kwanza mpaka mwanya ufungwe, halafu za nyuma; nyingine zinataka mwanya ulingane mbele na nyuma. Kitabu cha pikipiki yako kinasema ni ipi, pamoja na nguvu ya kukaza. Bolti zilizokazwa kwa hasira hupasua vibano vya alumini, na ufa wenyewe hauonekani siku hiyo.

Sasa majaribio, na hapa usikubali haraka ya mtu yeyote. Injini ikiwa imezimwa, geuza usukani kushoto mpaka mwisho, fungua eksileta, iachie. Lazima irudi yenyewe kwa kishindo. Geuza kulia, rudia. Ikirudi kwa uvivu, kishikio kimegusa ncha ya bomba au kebo imebanwa. Washa injini bila gia, geuza polepole kushoto na kulia, sikiliza. Sauti ikipanda hata kidogo, kebo inavutwa, na hiyo ni pikipiki itakayojiongezea mwendo katikati ya kona. Usiitoe nje ya karakana.

Kagua kama klachi bado ina mchezo wake mdogo, yaani mkono wake unacheza kidogo kabla ya kuivuta kebo, usukani ukigeuzwa pande zote mbili, kama vidole havibanwi kati ya kishikio na tangi, na kama hakuna kinachogonga kioo cha upepo. Mwisho, inua sehemu ya mbele ya pikipiki ili shokapu zinyooke kabisa, ugeuze tena. Hapo ndipo paipu ya breki inapovutika zaidi ya wakati wowote, na pikipiki iliyokaa chini ya uzito wake haikuonyeshi.

Mambo machache yanayosemwa sana

Alumini humeza mtetemo, husema wengi. Tofauti kati ya alumini na chuma kwenye bomba la unene wa kawaida ni ndogo kuliko wanavyodhani. Kinachosaidia zaidi ni vibano vyenye raba, na vizito, yaani vipande vya chuma vyenye uzito vinavyofungwa ndani ya ncha za bomba. Vizito hivyo havimezi mtetemo. Vinahamisha kasi ya injini ambayo bomba huitikia, ili isiangukie kwenye mwendo unaoutumia zaidi. Kwa hiyo ukivitoa ili kufunga vioo vya ncha, usishangae viganja vikianza kuwasha.

Usukani uliopinda kwenye ajali unanyooshwa tu, husema wengine. Wa alumini, kamwe. Alumini iliyopinda ikanyooshwa huweza kuwa na nyufa ndogo, na bomba linaweza kukatika mkononi bila onyo. Hata wa chuma, ukishapinda vizuri, mimi ningeutupa.

Wenye pikipiki za vipande viwili huuliza kama wanaweza kuweka bomba moja la juu. Inawezekana, lakini inataka bamba jipya la juu linalokubali vibano, kebo na paipu ndefu, na mara nyingi kukata sehemu ya maboksi ya plastiki ya mbele ili mikono ipate kugeuka. Zipo pia seti za vipande viwili vilivyoinuliwa kwa sentimita chache. Kwa wengi hizo zinatosha.

Sheria nazo hutofautiana. Ujerumani, kwa mfano, usukani usio na kibali cha aina yake unahitaji ukaguzi kabla ya kuingia barabarani, na baadhi ya majimbo ya Marekani yanaweka kikomo cha kimo cha vishikio kwa kulinganisha na mabega au siti. Bima pia inaweza kutaka kujua kuhusu mabadiliko. Ulizia kabla, kwa kuwa baada ya ajali swali hilo huulizwa na mtu mwingine.

Safari ya kwanza iwe fupi na mahali patulivu. Beba spana ya vibano na ya mikono ya klachi na breki, kwa sababu pembe uliyoiona nzuri ukiwa umesimama mara nyingi itataka kusogezwa digrii moja au mbili ukishapata upepo. Baada ya siku kadhaa za kuendesha, kagua tena ukazaji wa bolti zote ulizogusa.